Kumlindia Nahumu Kiti

Makambako, Jumamosi, 7 Juni

Ndugu yangu mpendwa Nahumu, kamwene. Nakusalimu katika jina la Bwana hapo ulipolazwa hospitali ya Ikonda. Nawasalimu wenzako wa kitanda cha kulia na cha kushoto, na namsalimu kwa heshima ya pekee muuguzi Jackline, ambaye nimeambiwa ndiye atakayekusomea maandishi haya, kwa kuwa miwani yako ilivunjika siku ile ile uliyovunjika nyonga. Sisi huku hatujambo, ila upepo.

Naomba unisamehe kwa kuchelewa. Uliniagiza tangu mwezi wa tano niandike habari za kila mchezo utakaochezwa bila wewe, nami nimeanza leo tu. Kwanza nilikuwa nikitafuta daftari zuri, kisha nikatafuta kalamu, na mwisho nikatambua kwamba nilichokuwa nikitafuta ni namna ya kukupa habari bila kukutia hofu. Namna hiyo sijaipata. Basi nakupa habari yenyewe, na kurasa nitazichana na kuzituma kwa basi kadiri ninavyoziandika.

Dada Jackline, uniwie radhi nikueleze machache ambayo Nahumu anayajua. Sisi ni wazee wastaafu wa Makambako na Njombe. Kila Jumamosi ya majira ya baridi tunacheza karata, safari moja hapa katika karakana ya fundi seremala Yoeli, safari nyingine huko Njombe nyumbani kwa Bwana Anselmi. Hatuchezei fedha. Tumelelewa na misheni, na mchungaji anatuvumilia kwa sharti hilo. Tunacheza wawili kwa wawili, wenzi wakitazamana. Jamii moja ya karata huwa turufu, yaani inakula nyingine zote. Ree ndiyo karata kubwa kabisa, na saba inaifuata. Viti ni vinne tu. Wengine wanakaa benchi na kutazama. Jumamosi ya mwisho ya Agosti jozi mbili zenye viti hupambana michezo saba, na jozi inayoshindwa inahamia benchi kwa mwaka mzima.

Sasa habari. Bwana Anselmi na mwenzake Enoki wamekubali kwamba nitafute mtu wa kukushikia nafasi kama mwenzi wangu. Lakini Yoeli, ambaye ndiye mwamuzi wetu, amesema wazi: atakachopoteza mshika nafasi, mwenye kiti amekipoteza. Tukishindwa Agosti, utarudi na magongo yako ukute huna pa kukaa ila benchi. Umekikalia kiti hicho miaka kumi na minne. Nimeahidi kukilinda.


Jumatano, 11 Juni

Upepo. Nimepukuchua mahindi.


Jumamosi, 14 Juni

Nimepata mwenzi, na naomba uketi vizuri kabla Dada Jackline hajaendelea. Ni shemeji yangu Bertila, mdogo wake marehemu mke wangu Ema, yule mkunga mstaafu wa Kitandililo. Alikuja kuniletea maharage, akanikuta nimejipangia karata mezani peke yangu, akasimama nyuma yangu na kusema, "Hiyo umeitupa mapema, shemeji." Nilimwuliza amejifunza wapi. "Zamu za usiku," alisema. "Mtoto hazaliwi kwa sababu wewe umekaa unamsubiri."

Mchana tulikwenda naye karakana. Enoki aliinuka kwa adabu, kisha akabaki amesimama.

"Meza hii haijapata kukaliwa na mwanamke," alisema.

"Wala haijapata kukatazwa," alisema Yoeli, bila kuacha kupiga randa.

Bertila alikuwa ameshakaa. "Enoki, mzaliwa wako wa kwanza nilimpokea kwa mikono hii, akiwa ametanguliza miguu. Nitashindwa kupokea karata?"

Enoki akaketi. Tulishindwa michezo mitatu, tukashinda mmoja.


Jumamosi, 21 Juni. Njombe

Baridi ya leo si ya kusimulia. Majani ya viazi nyuma ya nyumba ya Anselmi yalikuwa meupe kwa sakitu mpaka saa nne. Tulicheza tukiwa na makoti, jiko la mkaa chini ya meza.

Nakuandikia yale niliyoyasoma usoni mwao, kwa kuwa ndiyo kazi uliyonipa, na kwa kuwa, niseme bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, sidhani kama kuna mtu kati ya hapa na Ikonda anayewasoma wazee hawa kama mimi. Niliketi dirishani pa kukatia tiketi stesheni miaka ishirini na tisa. Nimeziona nyuso.

Anselmi akipata karata kubwa anakuwa mkarimu. Anachukua birika na kuwamiminia watu chai, hata ambao vikombe vyao vimejaa. Akiwa na karata mbovu mkononi hata kikombe chako kitupu hakitazami. Enoki ni wimbo. Mkono ukiwa dhaifu anaimba tenzi puani, sauti ya besi, ili tuone ametulia. Mkono ukiwa mzuri anasahau kuimba. Kimya cha Enoki ndicho cha kuogopwa.

Leo nilisoma yote sawasawa. Tulishindwa yote.


Jumatatu, 23 Juni

Sielewi. Nimeirudia michezo ya Jumamosi mmoja mmoja kichwani. Nilijua saba ilipo, nilijua ree ilipo. Bertila hakukosea hata mara moja.


Jumamosi, 28 Juni

Tumeshindwa tena. Samahani, Nahumu.


Jumamosi, 5 Julai. Njombe

Hivyo hivyo. Yoeli alinitazama kwa huruma, jambo ambalo sikulipenda.


Alhamisi, 10 Julai

Leo nilikwenda Kitandililo kurudisha kikapu cha maharage. Bertila alikuwa jikoni akimenya viazi. Nayaandika mazungumzo yetu yote, ingawa hayanipendezi.

"Shemeji," alisema, "unajua wanakusoma?"

"Mimi ndiye ninayewasoma."

"Unawasoma, ndiyo. Na wao wanakusoma wewe. Wana kazi rahisi kuliko yako."

Nikamwomba afafanue.

"Ukishika karata kubwa unawaomba radhi. Unasema, 'Mniwie radhi, mabwana,' ndipo unaitupa ree. Na kabla ya hapo, ikiwa bado iko mkononi, unajikohoza na kusema samahani kwa hili na samahani kwa lile. Umegusa meza, samahani. Umekunywa chai, samahani. Lakini ukiwa na vikaratasi visivyo na thamani unavitupa kimya kimya kama mtu anayewatupia kuku mahindi."

Nilisema hilo haliwezekani. Akaniambia nikumbuke. Nikakumbuka. Ndugu yangu, nilikaa pale na kikapu magotini nikakumbuka miaka yote. Ni kweli. Nikiwa na ree nawahurumia watu, maana najua linalowajia. Na sisi tulifundishwa kwamba huwezi kumtendea mtu jambo la kumuumiza bila kusema neno. Nikiwa sina kitu, sina cha kusikitikia.

"Na Nahumu?" niliuliza. "Alijua?"

"Muulize Nahumu."

Basi nakuuliza. Dada Jackline, naomba unipigie simu na kunieleza jibu lake, hata kama si zuri.


Jumamosi, 12 Julai

Sikwenda. Nilisema nina kifua. Sikuwa na kifua.


Jumatatu, 14 Julai

Dada Jackline amepiga simu. Amesema ulicheka mpaka wakakushikilia usianguke kitandani, na kwamba ni mara ya kwanza kucheka tangu ulazwe. Amesema umejibu hivi: "Mwambie ndivyo nilivyokuwa nikijua ana nini. Radhi zake ndizo zilizotupa ushindi." Kwa hiyo ulisikiliza radhi zangu miaka kumi na minne, ukapanga karata zako kwa radhi hizo, na hukuniambia. Na Anselmi na Enoki wameanza kuzisikia tangu umeondoka, kwa kuwa nafasi yako imekaliwa na mtu asiyezungumza sana, na pale mezani sasa sauti inayosikika ni yangu.

Nilikasirika mpaka jioni. Kisha nikala.


Jumamosi, 19 Julai. Njombe

Nimejaribu kunyamaza. Niliweka nia asubuhi kwamba sitaomba radhi kwa lolote. Nilipomkanyaga Enoki mguu chini ya meza, nilinyamaza. Aliniinamia kwa wasiwasi.

"Mzee Ebeneza, unaumwa?"

"Hapana."

"Umenikanyaga."

Nikanyamaza. Anselmi aliweka karata zake chini akapendekeza tusimamishe mchezo ili niombewe. Na kweli niliombewa, mikono ya watu wawili ikiwa mabegani mwangu. Baadaye Bertila alinieleza kwamba kila niliposhika ree midomo yangu ilikuwa ikitikisika bila sauti, na wote waliiona. Tulishinda mchezo mmoja, naye ndiye aliyeushinda.


Jumamosi, 26 Julai

Nimefanya jambo, na limefanikiwa, na sina furaha.

Nilikuwa na karata mbovu tupu, mbili na nne na tano. Turufu ilikuwa pau. Nikakohoa, nikasema, "Mniwie radhi sana, mabwana." Nahumu, laiti ungeona. Anselmi aliizuia saba yake kama mtu anayeficha yai kwenye koti, akaitoa wakati ambao haikuwa na faida tena. Nilirudia katika mchezo wa pili na wa tatu. Tulishinda yote mitatu. Bertila alinishika mkono tulipokuwa tukitoka, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Sasa unacheza, shemeji," alisema.


Jumapili, 27 Julai

Leo ilikuwa Chakula cha Bwana. Sikuinuka. Nilikaa kwenye kiti changu nikawapisha watu wapite mbele ya magoti yangu.

Kuficha karata si uongo; kila aliyekaa mezani amekubali kufichwa. Lakini nilimtazama Anselmi machoni nikamwomba msamaha ambao sikuwa na sababu ya kuuomba. Msamaha nautumia kila siku kwa mambo ya kweli. Marehemu Ema alikuwa akisema kwamba nikifa nitamwomba radhi mchimba kaburi. Nikianza kulitumia neno hilo kama ganda tupu, nitabakiwa na nini cha kuwaambia watu?


Jumatatu, 28 Julai

Nilikwenda Kitandililo kumweleza Bertila. Aliacha kufagia.

"Ni mchezo tu," alisema.

"Karata ni mchezo. Radhi si mchezo."

"Basi kiti cha Nahumu kimekwenda. Nakwambia mimi. Wakijua kwamba hudanganyi tena, wewe ni dirisha lililofunguliwa. Mwenzio amelala Ikonda anakutegemea, na wewe unatunza neno."

Nilisema najua. Alifagia kidogo, kisha akauliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Alinipa kande, na aliniongezea mara mbili.


Jumamosi, 2 Agosti. Njombe

Kabla hatujagawa karata nilisimama. Nilisema, "Mabwana, wiki iliyopita niliwaomba radhi mara tatu nikiwa sina karata. Ulikuwa uongo. Nawaomba radhi kwa radhi zile, na naahidi mbele yenu kwamba halitatokea tena."

Enoki akauliza, "Na hii ya sasa ni ya kweli?"

Walicheka mpaka Anselmi akamwaga chai. Yoeli alicheka kwenye benchi. Bertila peke yake hakucheka. Alikuwa akinitazama kwa uso ambao sikuweza kuusoma, mimi niliyezisoma nyuso kwa miaka ishirini na tisa. Walitushinda bila taabu.


Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikutoka. Dada Jackline amepiga simu. Amesema daktari anataka uketi kitandani kila siku, kisha ushike magongo, na wewe unakataa. Tangu ulipopata habari ya michezo ya Julai umegeukia ukutani. Amesema ulimwambia, "Nikae wima kwa ajili ya benchi?"

Nahumu, Agosti haijakwisha.


Jumamosi, 9 Agosti

Tumeshindwa miwili, tumeshinda miwili. Bertila anacheza kama watu wawili. Amekwisha kujua kwamba wao wakishughulika kunisoma mimi, hakuna anayemtazama yeye.


Jumamosi, 16 Agosti. Njombe

Miwili kwa miwili tena. Upepo umehamia na huku.


Jumamosi, 23 Agosti

Bertila alikuwa msibani. Hatukucheza.


Jumamosi, 30 Agosti, jioni

Naandika polepole ili nisikose lolote.

Karakana ilijaa. Yoeli alifagia maranda, akafunga milango yote miwili kwa sababu ya upepo, akawasha jiko. Viti vinne katikati. Anselmi alikuja na suti yake ya harusi za watu. Bertila alivaa kitenge kipya na koti la marehemu mumewe.

Tulishinda mmoja, tukashindwa miwili, tukashinda mmoja. Niliomba radhi kila niliposhika karata kubwa, kwa kuwa ndivyo nilivyo na nimeacha kupambana nalo, nao walizikwepa ree zangu kama madimbwi njiani. Wakashinda wa tano. Bertila akashinda wa sita, nasema Bertila, kwa maana mimi nilikuwa mtu wa kumfuata tu. Ikawa mitatu kwa mitatu, umebaki mmoja.

Dada Jackline, hapa naomba usome taratibu.

Turufu ilikuwa kopa. Tulifika mwisho, kila mtu amebakiwa na karata mbili. Hesabu ilikuwa imekaribiana hata kila mmoja pale alijua kwamba atakayeipata saba ya kopa ndiye atakayeshinda. Ree ya kopa nayo ilikuwa haijatoka. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa na nne ya shupaza na sita ya uru, vitu vya kuwatupia kuku.

Niliwatazama. Anselmi alinyoosha mkono kwenye birika, akaugusa mshikio, akaurudisha mkono. Amejifunza kujizuia, mzee wa watu, lakini mkono ulitangulia. Saba ilikuwa kwake. Enoki alikuwa akiimba besi, mstari wa pili, bila kukatika. Hakuwa na kitu. Kwangu hakuna. Basi ree ilikuwa kwa Bertila. Nilimtazama Bertila. Alikuwa akitazama dirisha kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Zamu ilikuwa hivi: Enoki anatupa wa kwanza, mimi wa pili, Anselmi wa tatu, Bertila wa mwisho. Anselmi alikuwa na jambo moja tu la kuamua, aitoe saba sasa au aisubirishe mzunguko wa mwisho. Kama ree iko kwangu, nami nimekwisha kutupa kitu kidogo, basi sasa ndipo saba yake iko salama, na akisubiri nitaila. Kama ree iko kwa Bertila, akiitoa sasa imekufa, na tumaini lake pekee ni kuisubirisha, huenda Bertila akaimaliza ree kwa kula karata nyingine.

Enoki akatupa. Nikaiweka nne yangu. Nikamtazama Anselmi, mzee wa miaka themanini na mbili, suti yake imefungwa vifungo vyote, na nikaona waziwazi atakalotendewa na shemeji yangu endapo atainyanyua karata ile. Moyo ukaniuma. Sikupanga, Nahumu. Nakuapia kwa yote. Neno lilitoka lenyewe.

"Unisamehe, Bwana Anselmi."

Uso wake ukafunguka. Alikuwa amesoma. Aliinyoosha ile saba ya kopa kwa vidole viwili, taratibu, kwa furaha ya mtu anayelipa kodi yake mapema.

"Umesamehewa, ndugu yangu," alisema, akaiweka mezani.

Bertila akageuza macho kutoka dirishani na kuweka ree ya kopa juu yake. Hakuipiga. Aliiweka kama anavyofunikwa mtoto.

Enoki aliacha kuimba.

Anselmi akasema, kwa sauti ya chini, "Ebeneza. Uliahidi mbele yetu sote."

"Niliahidi, na nimetimiza."

"Uliomba radhi, na ree hukuwa nayo."

"Sikuomba radhi kwa ree yangu. Nilikuomba radhi kwa saba yako."

Aligeuka kumtazama Yoeli, kwa kuwa ndiye mwamuzi. Yoeli aliweka kikombe chake chini.

"Aliomba radhi," alisema Yoeli, "na jambo la kuombea radhi lilikuwapo. Wote tumeliona. Mchezo umekwisha."

Ndipo Anselmi akaanza kucheka, bega kwanza, kisha tumbo, mpaka vifungo viwili vya suti vikaachia. "Mzee huyu," alimwambia Enoki, "amenidanganya kwa ukweli. Nitakwenda kumshtaki wapi?" Aliinuka na Enoki wakahamia benchi, na kutoka huko benchi alirudi kwetu na birika. Safari hii alikuwa hana karata yoyote, na alitumiminia wote.

Nilitembea na Bertila mpaka njia panda ya Kitandililo. Hapo alisimama, akavuta koti. "Ile siku uliposimama Njombe ukakiri," alisema, "nilitaka kukupiga na mwiko. Leo nilikuwa nikisali uombe radhi, na sikuthubutu hata kukutazama."

Nimetembea nyumbani kifua mbele, Nahumu. Niliwasalimia watu ambao sikuwafahamu. Nina fahari na mwanamke yule kuliko niwezavyo kuandika katika Kiswahili cha heshima, na, walau mara hii moja, nina fahari na mimi mwenyewe.


Jumatatu, 1 Septemba

Kiti kipo. Yoeli amekipiga msasa na kukitia vanishi, na hakuna aruhusiwaye kukigusa mpaka kikauke. Wazee wameulizana kama Bertila apatiwe cha tano, naye amewajibu kwamba hataki cha kuongezwa; atakikalia chako mpaka mwenyewe utakapokuja kumwondoa kwa miguu yako. Nimeona ni vema ulijue hilo mapema, kwa maana baada ya kumtazama majira mazima, sidhani kama anatania.

Kurasa hizi za mwisho anazibeba Bertila mwenyewe. Anapanda basi kesho alfajiri hadi Njombe, kisha gari la Makete, na atakuwa wodini kwako kabla ya chakula cha jioni. Namwomba Dada Jackline ampatie kigoda na sehemu tambarare ya kitanda, kwa kuwa amechukua karata katika mkoba, chini ya parachichi. Ameniambia nikuandikie jambo moja la mwisho: hachezi na mtu aliyelala.

Ndugu yako,
Ebeneza